Mizunguko 25 ya Naftali Temu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia vya Nyacheki na vijiji vya jirani. Tunaichapisha kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika. Mwenye kusoma amsomee jirani asiyeweza.)

 

Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya umoja katika kikundi. Lakini juu ya umoja mmekwisha kuhubiriwa sana, mpaka wengine mnaweza kunihubiria mimi. Kwa hiyo leo nitawaeleza habari za mtu mmoja tu, aliyekimbia. Mtume Paulo mwenyewe alipowaandikia Wakorintho alitumia mfano wa watu wanaokimbia uwanjani, basi mfano huu si mgeni kanisani. Na mwisho wa maneno yangu nitawaomba jambo moja, tena ni jambo la kufanya. Kwa hiyo msinisinzie.

Mtu huyo ni Naftali Temu. Wazee, naona mnatikisa kichwa, mnamkumbuka. Vijana, nyinyi wengi hamlijui jina hili, na hiyo ni sababu moja ya mimi kulitaja hapa.

Njia ilifunguliwa na wengine

Temu alizaliwa mwaka 1945, mtoto wa Gusii, wa upande wa Nyamira, Mugirango Kaskazini. Siku hizi tuna kaunti mbili, Kisii na Nyamira. Wakati ule akikimbia yote ilikuwa Wilaya ya Kisii, na akishinda yeye, sisi wa Bobasi tulishinda pia.

Lakini hakuwa wa kwanza kutoka huku. Kabla yake alikuwako mzee Nyandika Maiyoro. Mwaka 1954 Maiyoro alikwenda Vancouver, Canada, kwenye michezo ya nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, akamaliza wa nne katika maili tatu. Mwaka 1956 Kenya ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Melbourne, Australia, na Maiyoro akawa wa saba katika mita 5,000. Miaka minne baadaye, huko Roma, akawa wa sita. Hakupata medali. Lakini alirudi nyumbani akiwa ameona kwa macho yake kwamba wale wanaoshinda ni watu wenye miguu miwili kama sisi.

Tena alikuwako Arere Anentia, naye wa huku huku, aliyeleta shaba ya maili sita kutoka Cardiff mwaka 1958. Mnaona jinsi mambo yanavyokwenda? Huyu anafika nafasi ya saba, huyu anafika ya sita, huyu anapata shaba. Mwenye kuja nyuma anakuta njia imefyekwa. Kazi ya kikundi ni hivyo hivyo. Aliyechimba msingi si lazima ndiye atakayelala ndani ya nyumba.

Nafasi ya 49

Temu aliingia jeshini, katika Jeshi la Kenya, na mwaka 1964 akachaguliwa kwenda Olimpiki ya Tokyo, Japani. Alikuwa kijana wa miaka 19. Wakampeleka kwenye marathoni, zile mbio ndefu za kilometa 42 na zaidi. Mnajua alimaliza wa ngapi? Wa 49.

Naomba akina mama mshike hiyo hesabu, 49. Kuna vikundi hapa vilivyofuga kuku mwaka mmoja, ugonjwa ukaingia, kuku wakaisha, na kikundi nacho kikaisha siku hiyo hiyo. Mwenye nafasi ya 49 angeweza kusema, “Basi, hii si kazi ya kwetu, ni ya Wazungu na Wajapani.” Hakusema hivyo. Mwaka uliofuata, 1965, alikwenda Brazzaville, Kongo, kwenye Michezo ya kwanza ya Afrika, akapata fedha katika mita 5,000 nyuma ya Kipchoge Keino. Mwaka 1966 akaenda Kingston, Jamaica, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Huko katika maili sita alikutana na Ron Clarke wa Australia.

Huyo Clarke wakati ule alikuwa mtu wa kuogopwa. Alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 10,000, dakika 27 na sekunde 39, aliyoiweka mwaka 1965. Wote walimtazamia yeye. Temu akamwacha nyuma na kuchukua dhahabu. Ni miaka miwili tu tangu ile nafasi ya 49.

Siku ya Mexico

Sasa twende Mexico City, tarehe 13 Oktoba 1968. Mji huo uko juu sana, mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, mtu anavuta pumzi lakini hashibi. Waliozaliwa na kufanyia mazoezi pwani au nchi za chini walipata taabu kubwa. Mtoto wa vilima vya Gusii, anayepanda na kushuka kila siku kwenda shule, mtoni na sokoni, damu yake imezoea. Vile vilima tunavyolaumu tukibeba chai mgongoni, kumbe vilikuwa vinatufundisha.

Lakini msidhani vilima peke yake vilishinda. Mamo Wolde wa Ethiopia alitoka nchi ya milima pia. Kipchoge Keino naye alitoka juu.

Mita 10,000 ni mizunguko 25 ya uwanja. Hebu fikirini mtu anazunguka shamba moja mara 25, na wenzake wanamkanyaga visigino. Kwa sababu ya ile hewa, hakuna aliyethubutu kukimbia kwa nguvu mapema. Walikwenda kwa hesabu. Mizunguko ya mwisho ilipokaribia, Keino, aliyekuwa mgonjwa wa tumbo, aliumwa vibaya akatoka nje ya njia na kuanguka kwenye nyasi. Clarke alijikokota mpaka mwisho akawa wa sita, halafu akazimia, ikabidi apewe hewa ya oksijeni.

Mbele walibaki wachache. Katika mzunguko wa mwisho Wolde akachomoka. Mtu mwingine angesema yamekwisha. Temu alimfuata, hakumpita, hakumwacha aende. Zikiwa zimebaki kama mita 50 hivi, akamtoka. Alimaliza kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Wolde alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.6 tu, muda ambao huwezi hata kutamka jina lako. Wa tatu alikuwa Mohammed Gammoudi wa Tunisia.

Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki katika historia ya Kenya. Kabla yake tulikuwa na shaba moja tu, ya Wilson Kiprugut, ya mwaka 1964. Nchi ilikuwa na miaka mitano hivi ya uhuru, na wimbo wetu wa taifa ukapigwa mbele ya dunia kwa sababu ya kijana wa Gusii.

Na hakwenda kupumzika. Tarehe 15 alikimbia mchujo wa mita 5,000. Tarehe 17 akakimbia fainali, akapata shaba nyuma ya Gammoudi na Keino. Tarehe 20 akasimama tena kwenye marathoni. Alikuwa na wale wa mbele kwa muda mrefu, halafu nguvu zikamwishia, akamaliza wa 19. Ukijumlisha, ni zaidi ya kilometa 62 za mashindano katika siku nane. Na yule Keino aliyeanguka siku ya kwanza alipata dhahabu ya mita 1,500 siku ile ya mwisho. Kenya ilirudi nyumbani na medali tisa.

Kuna jambo moja zaidi, na vijana mlisikilize vizuri. Mpaka Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, hakuna mwanamume mwingine wa Kenya aliyeshinda dhahabu ya mita 10,000 katika Olimpiki. Ni Temu peke yake. Kwa upande wa wanawake, Beatrice Chebet aliipata huko Paris. Miaka 56 imepita kati ya hizo mbili.

Baada ya makofi

Sasa nafika mahali ambapo watu wengi hufunga hadithi. Mimi ndipo ninapoanza.

Wakati wa Temu sheria za Olimpiki zilimkataza mwanariadha kulipwa kwa kukimbia. Mtu alikimbia kwa heshima. Siku hizi ni tofauti. Huko Paris mwaka 2024, chama cha riadha cha dunia kilimpa kila mshindi wa dhahabu ya riadha dola 50,000 za Marekani. Temu hakupewa hata shilingi na chama hicho. Hakuibiwa, hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni.

Mwaka 1972 alikwenda Olimpiki ya Munich, Ujerumani, lakini safari hii hakuvuka mchujo. Mwili una msimu wake kama mahindi. Katika michezo hiyo hiyo vijana wengine wa Gusii, Charles Asati, Munyoro Nyamau na Robert Ouko, pamoja na Julius Sang, walileta dhahabu ya mbio za kupokezana kijiti, mita 400 mara nne. Mwaka 1993 mtoto mwingine wa Kisii, Yobes Ondieki, akawa mtu wa kwanza duniani kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 27. Kijiti kiliendelea kupokewa. Temu yeye alistaafu, akakaa shambani, kwenye ardhi aliyopewa na Rais Jomo Kenyatta upande wa Mugirango Kaskazini. Akawa mkulima kama wewe na mimi.

Tarehe 10 Machi 2003 alifariki katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, kwa saratani ya tezi dume. Alikuwa na miaka 57.

Miaka 57! Hapa ndani kuna wazee wa miaka 70 ambao bado wanapalilia ndizi. Mtu aliyekuwa na mapafu na moyo wa kumshinda Clarke na Wolde alichukuliwa kabla ya kufika 60.

Waswahili wanasema, mcheza kwao hutunzwa. Kumtunza mtu tunakujua kwa aina moja: tunampigia vigelegele, tunampokea barabarani kwa matawi, tunamvisha, tunampa kiti cha mbele. Hiyo ni ya siku moja. Kuna kutunza kwa pili, kule kwa miaka baada ya uwanja kunyamaza. Huku kwa pili hakuna nderemo. Ni kuulizana tu: “Baba, mbona siku hizi umekonda? Mbona unaamka usiku mara nyingi? Umeenda hospitali?” Medali haiulizi maswali hayo. Watu ndio wanaouliza.

Tuseme wazi juu ya tezi dume

Naomba akina mama msitoke nje, na akina baba msiangalie chini. Hii si aibu.

Tezi dume ni kiungo kidogo ambacho kila mwanamume anacho, chini ya kibofu cha mkojo. Mtu akizeeka, tezi hii mara nyingi hukua na kubana njia ya mkojo. Si kila kukua ni saratani, ile tunayoita kansa. Lakini saratani nayo huanzia hapo hapo, na mwanzoni huwa imenyamaza, haionyeshi dalili. Ndiyo sababu kungoja maumivu si hekima.

Dalili ambazo zikionekana mtu asikae nyumbani ni hizi: mkojo kutoka kwa shida au kidogo kidogo, kuamka usiku mara nyingi kukojoa, damu katika mkojo, na maumivu ya mgongo wa chini au nyonga ambayo hayaishi. Wengi wetu tukiona hivyo tunasema ni uzee, au tumerogwa, au tunanunua dawa ya mitishamba sokoni. Miezi inapita. Tukifika hospitali, ugonjwa umekwisha kuingia mifupani.

Kuna kipimo cha damu, na kuna daktari kukupima kwa mkono. Mwanamume akifika miaka 40 na kuendelea, azungumze na mhudumu wa afya kama anahitaji kupimwa, na lini. Kama baba yake au ndugu yake wa tumbo moja aliugua ugonjwa huu, hatari yake ni kubwa zaidi, asicheleweshe. Ukijulikana mapema, ugonjwa huu unatibika.

Nasikia mzee mmoja hapo nyuma anacheka, anasema yeye hawezi kupimwa na kijana. Mzee wangu, Temu alikimbia kilometa 62 katika siku nane mbele ya dunia nzima. Wewe unashindwa kukaa dakika tano mbele ya daktari mmoja?

Ombi langu kwa vikundi

Nilisema nitaomba jambo moja. Ni hili: kila kikundi kiwe na mfuko wa ugonjwa, mbali na mfuko wa biashara na mbali na ule wa mazishi. Sisi watu wa Gusii kwa mazishi tuko mbele sana. Mtu akifa, siku tatu hazipiti tumechanga, hema limesimama, ng'ombe ameanguka. Lakini huyo huyo alipokuwa akitafuta nauli ya kwenda kupimwa Kisii, nani alimchangia?

Hebu tufanye hesabu, na mweka hazina anisahihishe. Chukueni kikundi cha watu 25, sawa na ile mizunguko ya Temu. Kila mtu atoe shilingi 50 kwa wiki. Kwa wiki ni shilingi 1,250. Kwa mwaka wa wiki 52 ni shilingi 65,000. Pesa hizo si za kujenga hospitali. Ni za nauli, za kipimo, na za kuhakikisha kila mwanachama amejiandikisha na kulipia bima ya afya ya serikali, ambayo tangu Oktoba 2024 iko chini ya SHA badala ya NHIF.

Wazee wetu walikuwa na risaga. Mtu akizidiwa na shamba, majirani wanakuja na majembe, kazi inakwisha kwa siku moja. Hakuna aliyengoja afe ndipo walime kaburi. Mfuko huu ni risaga ya mwili.

Mpange pia siku. Siku moja katika mwaka wanaume wote wa kikundi waliofika umri huo waende kituo cha afya pamoja. Mmoja akienda peke yake, atarudi njiani kwa kuona haya. Wakienda kumi, hakuna wa kumcheka mwenzake. Akina mama, nyinyi ndio mtakaolisukuma jambo hili, maana nyinyi ndio mnaojua mzee anaamka usiku mara ngapi.

Na kama katika vijiji hivi kuna msichana au mvulana anayekimbia vizuri, mjueni kwa jina. Mwalimu wake amjue, kikundi kimjue. Akianza kulipwa, mkae naye chini pamoja na wazazi wake, mzungumze juu ya shamba, akiba na shule, kabla marafiki wapya hawajafika na magari. Siku hizi kukimbia kunalipa, lakini msimu wa mwili haujarefuka.

Temu alibaki nyuma ya Wolde mpaka zikabaki mita 50, na hakukata tamaa, kwa sababu aliijua hesabu yake. Alifanya sehemu yake, akaifanya vizuri kuliko mtu mwingine yeyote wa nchi hii kwa miaka mingi. Sehemu iliyobaki haikuwa yake peke yake. Ni ya majirani, na majirani ndio sisi.

Mungu awabariki. Mwenyekiti, nakurudishia kikao. Ningependa kabla hatujanywa chai kila kikundi kitaje tarehe yake.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika mwaka uliopita, kikundi chetu kilitoa pesa ngapi kwa mazishi, na ngapi kwa matibabu ya walio hai?
2. Ni wanaume wangapi kati yetu waliofika miaka 40? Ni wangapi wamewahi kuzungumza na mhudumu wa afya juu ya tezi dume?
3. Je, wanachama wote wamejiandikisha katika bima ya afya? Ambao hawajajiandikisha wanazuiwa na nini?
4. Ni kijana gani hapa kijijini mwenye kipawa cha mbio au kazi nyingine? Nani anamtazama?
5. Kuna mradi wetu uliofikia “nafasi ya 49” tukauacha? Tunaweza kuuanza upya vipi?